Mashua Iliyokwenda kwa Miguu

Tabora haina mawimbi. Kuna bwawa la Igombe, nje kidogo ya mji, ambalo siku ya upepo hukunja uso kisha likatulia, na kuna madimbwi ya masika ambayo watoto huyarushia mawe. Baada ya hapo, ukitaka kuona maji yanayoinuka na kuvunjika inabidi upande treni kwenda Kigoma, au ugeuke mashariki utafute Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 800. Ndiyo maana wenzangu darasani, hasa wale wa Tanga na Unguja, walicheka nilipowaambia kwamba tasnifu yangu ya umahiri inahusu watu wa njia ya misafara na mawimbi. Mmoja aliniuliza kama kwetu tunajua hata kuogelea.

Swali lake lilikuwa la utani, lakini nimelichukua na kulifanyia kazi. Katika karne ya 19 vyombo vya majini vilipita nchi kavu ya magharibi ya Tanzania vikiwa vimekatwa vipande na kubebwa na watu. Waliovibeba ndio hao hao, mara nyingi, waliotakiwa kuvipanda vilipofika majini. Vitabu vya safari vimejaa Wazungu waliosisimka au kutapika juu ya mawimbi ya maziwa yetu. Mimi nataka kujua ilikuwaje kwa mtu aliyebeba mashua miezi mitatu kisha siku moja mashua ikambeba yeye.

Mwanzo wa habari hii ni mashua ambayo haikubebwa. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, Novemba mwaka huo. Walikuwa na mashua ya chuma iliyoitwa Louisa, lakini waliiacha nyuma pwani kwa kukosa watu wa kuibeba. Februari 1858 walipofika Ujiji, Burton hawezi kutembea na Speke macho yanamsumbua kiasi kwamba ziwa lenyewe hakuliona vizuri, wakajikuta wamesimama mbele ya maji yenye urefu wa zaidi ya kilomita 650 bila chombo chao. Machi, Speke alivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa pili, kumwomba Sheikh Hamid bin Sulayyim amkodishe jahazi lake. Akiwa njiani dhoruba ilipiga hema lake usiku, na alipowasha mshumaa wadudu wakajaa ndani. Mmoja aliingia sikioni. Alijaribu kumtoa kwa samli iliyoyeyushwa, ikashindikana, akachukua kisu kidogo akamchokonoa humo humo ndani. Sikio likaoza, na kwa muda mrefu hakusikia nalo. Jahazi nalo hakulipata, kwa kuwa masharti ya Sheikh Hamid hayakutimizika kwa haraka aliyokuwa nayo.

Wakaishia kwenda kaskazini mpaka Uvira katika mitumbwi miwili mirefu iliyochongwa kutoka magogo, chini ya Kannena, mkuu wa Kawele pale Ujiji. Burton analalamika kurasa nzima: waendesha mitumbwi wanaimba mno, wanasimama wanapotaka, wanamrushia maji, wanabishana katikati ya ziwa. Anaandika pia kwamba walikuwa na miiko. Makombo ya chakula hayatupwi majini, kwa sababu mamba hufuata. Maswali mengi safarini hayatakiwi. Miaka 13 baadaye, Stanley na Livingstone walipopita katika ziwa hilo hilo, mabaharia wa Ujiji waliwaeleza habari za mlima Kabogo, ambapo mpita njia hutupa shanga au kitambaa majini ili apite salama.

Nimesoma maelezo haya mara nyingi, na kila nikiyasoma namwona Burton kama abiria wa daladala anayemlaumu konda kwa kupiga kelele. Mtu anayeimba juu ya maji anafanya kazi. Wimbo ndio unaoshika kasi ya makasia, na ukikatika, kila mkono unakwenda kivyake, mtumbwi unageuka ubavu kwenye wimbi. Ziwa Tanganyika limelala kati ya milima miwili mirefu, na upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi huvuma kwa urefu wake wote bila kizuizi. Mawimbi yake huinuka haraka kuliko ya bahari na hufuatana karibu karibu. Waliosimama walipotaka walijua kwa nini wanasimama.

Somo ambalo wasafiri wa Ulaya walilipata kwa Burton na Speke lilikuwa jingine: usiende ziwani bila chombo chako mwenyewe. Henry Morton Stanley alilichukua kwa uzito. Mwaka 1874 aliagiza mashua huko Teddington, kando ya Mto Thames. Ilikuwa ya mwerezi, urefu futi 40 na upana futi 6, na iliweza kufunguliwa vipande vitano. Aliiita Lady Alice, jina la msichana wa Marekani aliyeahidiana naye ndoa. (Msichana hakungoja. Mwaka 1876, Stanley akiwa bado huku, aliolewa na mtu mwingine.)

Ilipofika Unguja ikaonekana vipande ni vizito na vipana kupita njia za huku. Ilibidi fundi seremala avipunguze. Hapa ndipo msomaji wa leo anahitaji kuiona njia yenyewe. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, haikuwa barabara. Ilikuwa ujia wa mtu mmoja nyuma ya mwingine, na nyasi zikikua unafungwa kabisa. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60 au 70, yaani kama kilo 30: robota la merikani, shanga, au jino la ndovu, mzigo unaokaa begani na kupita popote bega linapopita. Kipande cha mashua hakikai begani kwa mtu mmoja. Kinataka watu kadhaa waliofungana hatua, na mmoja wao akijikwaa wote wanayumba. Kwenye pori la miiba wenye mashoka walitangulia kuipanulia njia.

Stanley aliwachagua wenye nguvu kuliko wote. Aliwalipa zaidi ya wengine, akawaongezea posho, na akawaruhusu kuja na wake zao. Habari ya wake inapita katika kitabu chake kama jambo dogo. Kwangu mimi inaeleza mengi. Mtu hapewi ruhusa ya namna hiyo katika msafara wa kijeshi isipokuwa kazi yake haina mbadala, na wanawake hao nao hawakutembea mikono mitupu. Walipika, walibeba, na baadhi walijifungua njiani.

Msafara ulitoka Bagamoyo Novemba 17, 1874, ukiwa na watu zaidi ya 300, wengi wao Waungwana wa Unguja na Wanyamwezi. Hawakupita Tabora mjini. Waliikwepa kwa kaskazini kupitia Ituru, wakapoteza wengi kwa njaa, homa na mapigano. Februari 27, 1875, baada ya zaidi ya siku 100, waliteremsha mizigo Kagehyi, ukingoni mwa Ziwa Viktoria katika nchi ya Usukuma. Mashua ikaungwa. Stanley akaita watu wote, akauliza nani atakwenda naye majini.

Hakuna aliyejitokeza.

Wakubwa wa msafara walimweleza kwamba watu hawa hawajui makasia na majini ni waoga. Stanley aliona ni kichekesho, akachagua mwenyewe mabaharia kumi na nahodha wao. Mimi sioni uoga hapo. Kati ya watu wote waliokuwa Kagehyi siku ile, wabebaji ndio walioijua mashua ile kwa undani. Walijua unene wa mbao zake kwa mabega yao, yaani chini ya nusu inchi, na walijua kwamba kitu walichokibeba kutoka Bagamoyo kilikuwa chepesi mno kwa maji yale.

Nahodha aliyechaguliwa aliitwa Wadi Safeni. Kwa takribani miezi miwili alilizunguka Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Aprili walifika kisiwa cha Bumbire, ambapo wenyeji waliivuta mashua nchi kavu ikiwa na watu ndani na kuchukua makasia yote. Safeni alitumwa kuongea na wazee wa kisiwa, na wakati anaongea wenzake wakawa wanajiandaa. Waliisukuma mashua majini kwa mikono, risasi zikilia, wakang'oa mbao za sakafu na kuzitumia kama makasia. Usiku dhoruba ikawakuta wazi ziwani, hawana cha kufanya ila kukomba maji na kungoja. Kwa upande wa Bumbire mambo yalikuwa mabaya zaidi. Stanley aliua watu siku hiyo, na Agosti alirudi na bunduki nyingi akawapiga risasi watu waliojipanga ufukweni. Mabaharia wa Lady Alice walikuwemo. Katika tasnifu yangu siwezi kuwatetea kwa hilo kwa sababu tu walikuwa wabebaji.

Mwaka 1876 mashua ilifunguliwa tena, ikabebwa kusini. Safari hii ilipita nchi yetu. Aprili, huko magharibi ya Unyamwezi, Stanley alikutana na Mirambo, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameifunga njia ya Tabora na Ujiji kwa vita na Waarabu wa Unyanyembe. Stanley mwenyewe alikuwa amepigana upande wa Waarabu mwaka 1871 na kukimbia. Sasa wakachanjiana damu wakawa ndugu, na aliyefanya tendo hilo alikuwa Manwa Sera, mkuu wa wapagazi. Napenda kuwaza Mirambo akiangalia vile vipande vya mbao vilivyopinda vikiwa vimelazwa uwanjani. Alikuwa mtu wa biashara. Bila shaka aliuliza bei.

Ujiji walifika Mei 27. Juni na Julai, kwa siku 51, Lady Alice ililizunguka Ziwa Tanganyika lote. Walioachwa Ujiji waliugua ndui, na msafara ulipotaka kuvuka kwenda Manyema, watu 38 walitoroka. Sehemu hii naipita haraka, ingawa mtoro mmoja tu angeandika kitabu ningekisoma kabla ya cha Stanley.

Kutoka hapo mashua ikabebwa tena, ndani ya msitu mnene wa Manyema, wabebaji wake wakifika kambini mara nyingi saa nyingi baada ya wengine. Kwa muda msafara ulilindwa na Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hapa hapa Tabora. Halafu Mto Lualaba, ambao ukiendelea kuufuata unageuka kuwa Kongo. Karibu na mwisho wake mto huo unaanguka, poromoko baada ya poromoko, kuelekea baharini. Kuanzia Machi hadi Julai 1877 walikuwa wanashuka hapo, wakivuta mitumbwi juu ya miamba palipokuwa pabaya na kuipanda maji palipowezekana.

Ndugu yangu mmoja kutoka Sikonge anafanya kazi Paje, Unguja, ambako siku hizi wageni hucheza juu ya mawimbi kwa ubao na tiara kubwa. Vijana wa huko wanaita kaiti. Msimu wa kusi, kati ya Juni na Septemba, anabeba mbao na matiara ya wageni kutoka stoo hadi majini na kuyarudisha. Jioni, kazi ikiisha na upepo ukiwa bado upo, bosi wake humwachia ubao wa zamani. Nilimuuliza raha yake ni nini hasa. Akafikiri kidogo. "Unajua, dada," akasema, "kutwa nzima mimi ndiye nabeba. Pale dakika mbili tu, nabebwa." Nilimuuliza na kuanguka je. Akanionyesha kovu la tumbawe kwenye goti, refu kama kidole.

Nilikuwa nimefika sura ya maporomoko ya Kongo aliponiambia hivyo, na nikaanza kuisoma upya.

Nahodha wa Lady Alice wakati huo alikuwa Uledi. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, aliokoa watu 13 wasizame. Alikuwa akiruka ndani ya maji yanayochemka pale ambapo wengine walishika vichwa. Wakati fulani alikamatwa na shanga za msafara alizoiba, njaa ikiwa kali, na wenzake wakatakiwa kuamua adhabu. Ilipoamuliwa viboko, mdogo wake Shumari na binamu yake Saywa walijitokeza kupigwa badala yake. Stanley akawasamehe wote. Kwa maneno mengine, kwenye maji Uledi hakuwa na mkubwa, nchi kavu alikuwa mpagazi mwenye deni la shanga.

Juni 3, Frank Pocock, kijana wa Kiingereza aliyekuwa na vidonda miguuni na hawezi kutembea, alitaka mtumbwi uteremke poromoko la Massassa badala ya kubebwa nchi kavu. Uledi alikwenda kulitazama, akarudi na kusema haliwezekani. Pocock akawaambia wanaogopa. Uledi akawageukia wenzake, akawaeleza kwamba bwana mdogo anasema tunaogopa kufa, basi twendeni. Walikwenda. Pocock, ambaye alikuwa mwogeleaji hodari, alizama. Uledi na wengine kadhaa wakatoka hai. Hii ndiyo sehemu ambayo siwezi kuisoma bila hasira. Mtu mwenye ujuzi ametoa hukumu yake, ikaitwa uoga kama kule Kagehyi, na alipotii akaonekana shujaa.

Yupo mwingine ambaye hakutoka. Mwaka 1871, Stanley akiwa Unyanyembe, mfanyabiashara wa Kiarabu alimpa mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley akampa jina la Kalulu. Alimchukua mpaka Ulaya na Marekani, akamsomesha Uingereza, na mwaka 1874 mtoto huyo alihudhuria mazishi ya Livingstone katika Westminster Abbey. Kisha akarudi naye katika safari hii. Mwishoni mwa Machi 1877 mtumbwi aliokuwamo ulikamatwa na mkondo, ukavutwa hadi kwenye poromoko na kupotea. Poromoko likapewa jina lake, kama vile hiyo ni fidia. Ukienda leo katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, utaoneshwa habari za Livingstone na Stanley. Kalulu, ambaye safari yake ilianzia hapa, anafaa kupata ukuta wake.

Mwisho wa Julai, juu ya maporomoko ya Isangila, Stanley aliamua kwamba njia ya maji imefika mwisho. Watu walikuwa wanakufa njaa. Lady Alice ikavutwa juu ya mwamba ikaachwa hapo ikauke. Baada ya Bagamoyo, Usukuma, Unyamwezi, Ujiji na Manyema, hakuna aliyeibeba tena. Watu wakaambiwa kwamba bahari iko karibu, mwendo wa siku chache tu.

Wadi Safeni, yule nahodha wa Ziwa Viktoria, aliposikia alikuja mbio, akamshika Stanley miguu, akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba wamefika baharini, wamefika nyumbani. Kisha akili ikamtoka. Akachukua kasuku wake akamweka begani, akachukua fimbo, akaingia msituni. Waliotumwa kumtafuta hawakumpata.

Waliobaki walifika Boma Agosti 1877, na Novemba walirudishwa Unguja kwa meli, kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hawakufika 120.

Mashua nyingine zilifuata. Edward Hore, baharia wa London Missionary Society, jumuiya iliyokuwa na kituo Urambo, alileta mashua ya chuma ya vipande na mwaka 1883 ilikuwa Ujiji. Mkewe Annie alikuja baadaye na mtoto wao mdogo katika kiti kilichobebwa na watu, akaandika kitabu juu ya kiti hicho, wakaishi kisiwani Kavala ndani ya ziwa. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, ikapita hapa ndani ya mabehewa, masanduku kwa masanduku. Wakati huo hakuna mpagazi aliyehitajika kwa mashua.

Mwishoni mwa kitabu chake Stanley alichapisha majina ya waliokufa na ya waliorudi. Nayahamishia katika jedwali moja, jina kwa jina, na safu ya tatu ni ya kazi. Kwa Uledi, Safeni na wengine waliopangiwa mashua nimeandika mbili katika kisanduku kimoja: mpagazi, baharia. Msimamizi wangu amezizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba jedwali linataka kazi moja kwa mtu mmoja. Jumatatu tuna kikao. Nimepiga chapa nakala mbili, na safu ya tatu sijaigusa.